Saa za wodini: shajara ya kujitolea na kujifunza kazi ya kuwaandaa watoto hospitalini

Januari: ninachokitafuta

Mradi huu ni mrefu, ndiyo maana nauandikia shajara. Lengo ni kukusanya uzoefu wa kujitolea na wa mafunzo utakaoniwezesha kuomba nafasi ya kujifunzia kazi ya mtaalamu wa maisha ya mtoto hospitalini.

Cheo hicho wengi hawakijui. Mtaalamu huyu si nesi, si mwalimu, wala si mchekeshaji anayepita wodini na kofia nyekundu. Kazi yake ni kumsaidia mtoto aelewe kitakachofanyika kwenye mwili wake, akabiliane nacho, na aendelee kuwa mtoto hata akiwa amelazwa. Vifaa vyake ni mchezo, maneno yanayolingana na umri, na mpango uliofikiriwa mapema. Hatoi dawa wala hachomi sindano, na nguvu yake inatoka hapo hapo. Katika jengo lile ni miongoni mwa watu wachache ambao mtoto hana sababu ya kuwaogopa.

Taaluma yenyewe si ya jana. Mwaka 1955 Emma Plank, mwalimu wa watoto aliyesomea Vienna, aliitwa na daktari Frederick Robbins kuanzisha programu ya watoto katika hospitali ya jiji la Cleveland, Marekani. Robbins alikuwa mtu wa maabara, na mwaka mmoja kabla alikuwa amepata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi yao juu ya virusi vya polio. Napenda kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyeona wodi yake ina upungufu wa mwalimu. Chama cha taaluma kiliundwa mwaka 1982, na tangu 2016 kinaitwa Association of Child Life Professionals.

Masharti ya cheti cha chama hicho ni shahada ya kwanza, kozi maalumu za chuo, mafunzo ya kazi yasiyopungua saa 600 chini ya mtaalamu mwenye cheti, kisha mtihani wa maswali 150 ya kuchagua jibu. Uingereza wana njia yao, ya mtaalamu wa mchezo wa afya. Lakini kabla ya kuzifikia saa 600 kuna mlango mwingine. Nafasi za mafunzo ni chache kuliko waombaji, na hospitali zinazozitoa hutaka kuona kwamba umewahi kukaa na watoto wagonjwa, na pia na watoto wenye afya. Mlango huo ndio ninaoushughulikia mwaka huu.

Nimenunua daftari mbili. La kwanza ni la saa: tarehe, muda, kitengo, sahihi ya msimamizi. La pili ni la niliyoyaona. Tayari nahisi la pili ndilo litakalonisumbua.

Januari, mwishoni: makaratasi

Kipimo cha kifua kikuu, uthibitisho wa chanjo, ukaguzi wa rekodi za polisi, watu wa kunidhamini. Kiapo cha kutunza siri za wagonjwa: hakuna picha, hakuna jina la mtoto nje ya wodi, hakuna kusimulia kisa ambacho mzazi akikisikia atajua ni cha mwanawe. Kwa hiyo watoto watakaotajwa humu nimewabadilisha umri na mengineyo, na baadhi nimewaunganisha wawili kuwa mmoja.

Ushauri kwa anayefuata njia hii: anza makaratasi mapema kuliko unavyodhani inatosha. Majibu ya polisi hayana haraka na mtu.

Februari: mafunzo ya kuingia wodini

Nilitarajia tungefundishwa michezo. Tulifundishwa kuosha mikono.

Na kuna la kujifunza. Kitakasa mikono chenye pombe kinatosha mara nyingi, lakini mbele ya mgonjwa mwenye kuhara kunakosababishwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile hakifui dafu, kwa sababu mbegu za bakteria huyo haziuawi na pombe. Hapo ni maji na sabuni. Vichezeo vina utaratibu wao. Dawa ya kusafishia inatakiwa ibaki mbichi juu ya kichezeo kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, kwa hiyo anayepaka na kufuta papo hapo anakuwa amefanya kazi ya bure. Midoli ya manyoya haizungushwi kati ya watoto. Mtoto akipewa, ni wake. Kilichoingia kwenye chumba cha kutengwa hakirudi kikapuni mpaka kisafishwe, na kama hakisafishiki hakiingii kabisa. Puto za mpira haziruhusiwi kwa sababu ya mzio.

Kisha mipaka ya anayejitolea. Hasomi faili la mgonjwa. Hampi mtoto chochote cha kula au kunywa bila kumuuliza nesi, maana mtoto anayelilia juisi anaweza kuwa amefungishwa kwa ajili ya upasuaji wa mchana. Hambebi mwenye dripu. Hamuulizi mzazi ugonjwa ni nini. Kama mzazi anataka kueleza, ataeleza mwenyewe.

Sheria iliyonigusa kuliko zote ni ya chumba cha michezo: ndani yake hakifanyiki kipimo wala tiba. Daktari akitaka kumtazama mtoto, mtoto hutolewa kwanza. Hata kidonge humezwa nje ya mlango. Lazima pawe na sehemu moja hospitalini ambayo mtoto anajua kwamba hakuna atakayemshika kwa ghafla. Siku ile ile ya mafunzo nilimwona sista akimzuia daktari mwenye haraka mlangoni pale, kwa adabu, huku tabasamu likiwa halijamtoka. Daktari alisubiri.

Machi: chumba cha michezo

Zamu ni mbili kwa juma. Kazi yangu kwenye karatasi ni "kucheza na watoto na kupumzisha wazazi". Mzazi aliyekaa kitandani tangu alfajiri anahitaji kuoga, kupiga simu, au kulia mahali ambapo mwanawe hamuoni. Kumwambia "Mama, nenda, mimi nipo hapa mpaka urudi" ni huduma kamili, hata kama humo chumbani hakijachezwa chochote cha maana.

Msimamizi wangu ana mtindo mmoja wa kusoma daftari la pili. Hataki kuona "alicheza vizuri" wala "alifurahi". Anataka mambo matatu: umeona nini hasa, unadhani kina maana gani, na ungetaka kujua nini zaidi. Mfano wa wiki hii: mtoto wa miaka minne alijenga mnara wa vipande vya mbao na kuubomoa, akaujenga tena na kuubomoa, muda wote akiniangalia usoni. Ningeweza kuandika kwamba ana vurugu. Lakini mtoto huyo tangu alazwe hajaamua chochote: wakati wa kuamka, nguo ya kuvaa, nani amguse na wapi. Kwenye mnara, kila kitu kinatokea akitaka yeye. Nilichotaka kujua zaidi ni kama angeendelea kubomoa baada ya kanula, ule mrija mdogo wa plastiki unaoingizwa kwenye mshipa, kutolewa. Ilipotolewa, alihamia kwenye kuchora.

Mtoto aliyenifundisha zaidi mwezi huu, hata hivyo, ni mkimya. Wa miaka miwili hivi, halii, hasumbui, anakubali kila mkono. Wodini husifiwa: "Huyu ameshazoea." James Robertson, mtafiti wa Uingereza aliyefanya kazi na daktari wa akili John Bowlby, aliwaangalia watoto wadogo waliolazwa bila wazazi wao na akaeleza hatua tatu: kwanza mtoto anapinga kwa kulia na kutafuta, kisha anakata tamaa, kisha anajitenga. Hatua ya tatu kwa nje inafanana sana na kupona kwa moyo. Kazi za aina hiyo zilisaidia kuleta Ripoti ya Platt ya mwaka 1959 huko Uingereza, iliyopendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto muda wowote wa mchana, badala ya mtindo wa saa chache kwa juma. Kwa hiyo sasa nikiingia wodini namtafuta kwanza asiyelia. Anayepiga kelele bado anaamini kuna mtu atamjibu.

Aprili: watoto wenye afya

Nimeongeza asubuhi moja kwa juma katika shule ya chekechea. Baadhi ya wenzangu wanaona ni kupoteza muda kwa mtu anayetaka hospitali. Mimi naona kinyume. Utajuaje kwamba mtoto wa miaka mitatu amerudi nyuma kitabia kwa sababu ya ugonjwa kama hujawahi kukaa na wa miaka mitatu ishirini kwa mpigo, wote wakiwa na afya na wote wakigombania kiti kimoja?

Mafundisho ya mwanasaikolojia Jean Piaget niliyoyasoma darasani hapa yanatembea kwa miguu. Kati ya miaka miwili na saba hivi, mtoto huunganisha matukio kwa njia yake: kilichotangulia ndicho kilichosababisha. Niligombana na mdogo wangu, kisha nikaugua. Basi nimeugua kwa sababu nimegombana. Chekechea nimesikia mantiki hiyo ikitumika kueleza mvua na kupotea kwa paka. Wodini inatumika kueleza uvimbe. Ndiyo maana mtaalamu humwambia mtoto wa umri huo, hata kama hajauliza: "Hukufanya kosa lolote. Ugonjwa huu haukuja kwa sababu ya ulichosema au ulichofikiri."

Mei: mdoli mwenye dripu

Hatimaye nimeruhusiwa kukaa kwenye mchezo wa kitabibu, msimamizi akiwepo. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndicho kiini cha mambo.

Mdoli wa kitambaa asiye na uso. Mtoto anamchorea uso mwenyewe, wa furaha au wa hasira, na hakuna anayemsahihisha. Kuna stetoskopu ya kweli, glavu, barakoa, plasta, bandeji, bomba la sindano lisilo na sindano, mrija wa dripu. Vifaa vinaachwa mezani na mtu mzima anatulia. Kutulia huko nimekuta ni kugumu kuliko kuongoza mchezo. Mkono unawasha kutaka kusema "hapana, kanula haiwekwi tumboni".

Binti mmoja alimdunga mdoli bila kupumzika, tumboni, machoni, kwenye miguu, huku akimwambia kwa sauti ya kikubwa: "Tulia! Nimesema tulia! Bado kidogo tu!" Msimamizi aliuliza swali moja: "Mgonjwa wako anajisikiaje?" Binti akajibu: "Anaogopa, lakini hakuna anayemwambia ni ngapi zimebaki." Katika sentensi hiyo tulipata mpango mzima. Kipimo cha damu kilichofuata aliambiwa idadi kabla ya kuanza, na akahesabu mwenyewe.

Lugha tuliyoizoea watu wazima inahitaji kuchujwa. Mtoto anayeambiwa "tutakuchoma" na baadaye "tutakupiga picha" amesikia moto na kipigo. Kwa mdogo tunasema "utahisi kama kitu kidogo kimekufinya mkononi", na "mashine itatazama mifupa yako, haitakugusa". Kwa upasuaji hatumwambii "utalala" tu, maana atakataa kulala usiku akihofia atafunguliwa tumbo. Tunamwambia ni usingizi wa dawa, tofauti na wa usiku. Daktari wa usingizi hukaa naye mwanzo hadi mwisho, na kazi ikiisha dawa husimamishwa naye ataamka.

Kuna jingine linalotoka midomoni mwa wazazi wengi waliochoka: "Ukisumbua nitamwita daktari akuchome sindano." Nalielewa, na wala siwalaumu. Lakini mtoto aliyelisikia nyumbani huja wodini akiwa amekwisha hukumiwa, na tiba inakuwa adhabu. Msimamizi hamkosoi mzazi mbele ya mtoto. Humwambia mtoto kwa sauti ambayo mzazi anaisikia: "Hapa sindano ni ya kuleta dawa, si ya kumwadhibu mtu." Kwa mara ya kwanza nilidhani haitoshi. Mzazi yule hakulirudia tena mbele yetu.

Juni: kufuatana na mtaalamu

Mwezi wa kutazama tu, siruhusiwi kuongoza. Nimeshuhudia maandalizi ya kanula, upasuaji mdogo, MRI (mashine kubwa yenye kelele inayopiga picha za ndani ya mwili), na kuondoa nyuzi.

Kanula ikifanyika vizuri huanza muda mrefu kabla ya nesi kufungua pakiti. Krimu ya ganzi huhitaji karibu saa nzima kufanya kazi, hivyo lazima mtu akumbuke kuipaka mapema; nusu ya ustadi wa kazi hii ni kuijua ratiba ya wodi. Kisha mkao. Mtoto halazwi chali na kushikwa na watu wanne. Anaketi wima mapajani mwa mzazi, kifua kwa kifua au mgongo kwa kifua, na mkono mmoja umetulia juu ya meza. Mzazi anamkumbatia, na kumbatio hilo hilo ndilo linalomtuliza na kuuzuia mwili usiruke. Mtoto mdogo akilazwa chali hupambana kwa nguvu zake zote. Akikaa wima mara nyingi nguvu hiyo haitafutwi.

Anazungumza mtu mmoja tu. Watu watano wakisema kwa pamoja "pole", "tulia", "angalia huku", "karibu inaisha", mtoto hasikii hata mmoja. Anapewa chaguo la kweli: mkono upi, kutazama au kutotazama, kupuliza mapovu au kusikiliza hadithi. Haulizwi "uko tayari?", kwa sababu akisema hapana hakuna atakayemtii, na ataikumbuka hiyo. Anapewa kazi: "Kazi yako ni kuutuliza mkono. Kulia unaruhusiwa." Sentensi hii ya mwisho nimeona ikiwalegeza mabega wazazi kuliko watoto.

Akiuliza kama itauma, anajibiwa ukweli wa kiasi chake. Wengine husema ilifinya, wengine walihisi msukumo tu, "wewe utatuambia ulihisi nini." Ukisema haitauma na ikauma, umewaharibia wote watakaofuata baada yako.

Muda wa kumwandaa nao hupimwa kwa umri. Mdogo wa miaka miwili huambiwa karibu na tukio, la sivyo atabeba hofu siku nzima. Wa shule ya msingi anaweza kuhitaji siku kadhaa za kuuliza maswali. Kijana huulizwa kwanza anataka kujua kiasi gani, na wakati mwingine anataka mzazi atoke nje. Kwa MRI, watoto walisikilizishwa kelele za mashine kwenye spika na kufanya mazoezi ya kukaa bila kutikisika. Kwa baadhi yao maandalizi hayo yanatosha kuwaepusha na dawa ya usingizi, na hapo hata mhasibu wa hospitali anaelewa thamani ya mchezo.

Kwa watoto wasiosema nimeoneshwa kipimo cha maumivu kiitwacho FLACC. Nesi huangalia uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja hupewa 0 hadi 2, jumla 10. Mimi sipimi, lakini sasa najua cha kumwambia nesi badala ya "naona kama hayuko sawa".

Julai: pazito

Mtoto mmoja wa wodi amefariki. Anayejitolea hapangiwi familia iliyo msibani, na ni sawa hivyo. Nilichoelezwa ni kazi ya mtaalamu siku hiyo: kuwasaidia wazazi kuchukua alama ya kiganja au kishungi cha nywele kama wanataka, na kukaa na kaka au dada wa marehemu, ambao watu huwasahau. Ndugu hao huambiwa neno lenyewe, "amekufa", kwa sababu "amelala" na "amesafiri" huwaacha wakisubiri.

Nami niliambiwa nisikae zamu ile hadi mwisho, na kwamba kuomba kubadilishiwa kitengo si udhaifu. Kuna mipaka mingine ambayo watu wema huivuka kwa urahisi: kutoa namba ya simu, kuleta zawadi kwa mtoto mmoja, kuahidi kurudi kesho. Mtoto aliyeahidiwa huhesabu. Mimi husema tu kwamba zamu yangu imekwisha na nimefurahi kucheza naye.

Agosti: kuandika maombi

Daftari la saa limejaa na lilichukua dakika chache kulihamishia kwenye fomu. Daftari la pili ndilo linalojibu maswali yote yaliyobaki. Fomu hazitaki kujua kama napenda watoto; kila mwombaji anawapenda. Zinataka kisa kimoja, nilichokiona, nadharia inayokieleza, na ambacho mtaalamu alifanya au angeweza kufanya. Nimetumia binti wa mdoli na yule mkimya wa Machi. Kisa cha mtoto aliyenikumbatia wakati wa kuruhusiwa nimekiacha. Ni kizuri, ila kinanihusu mimi.

Barua za mapendekezo: moja ya msimamizi wa wodi, moja ya mwalimu wa chekechea, moja ya chuo. Niliwapa kila mmoja kurasa chache za daftari ili waandike mambo mahususi, kwa sababu barua inayosema "ni mchapakazi na mwaminifu" haina kazi.

Septemba: ilipofika

Maombi yametumwa. Naendelea na zamu za chumba cha michezo, lakini nimeomba moja ihamishiwe jioni, saa ambazo watoto wa upasuaji wa kesho yake hupokelewa na hakuna mtu wa kukaa nao wakati wazazi wanasaini fomu.

Kati ya kozi zinazotakiwa, za makuzi ya mtoto, familia, mchezo na utafiti nimekwisha maliza. Bado ya kufiwa na maombolezo, inayoanza muhula ujao. Msimamizi amenishauri niisome hata kabla haijaanza kufundishwa, kwa sababu kwenye usaili hilo ndilo swali ambalo waombaji wengi hulijibu kwa maneno ya kadi za rambirambi.